Mazabodi ya kifahari kwenye kompyuta ya gemu ya bei ya kati: lipia kile usichoweza kukiongeza baadaye

Msimu wa korosho ukifika na malipo ya minada yakaanza kuingia, simu yangu hujaa orodha. Vijana wa hapa Mtwara mjini, wa Masasi, wa Newala, hata wa Nachingwea upande wa Lindi, wananitumia majina ya vifaa wanavyotaka niwaunganishie kompyuta ya gemu. Orodha nyingi zina ugonjwa mmoja kati ya miwili. Ama mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba vifaa vyote, imeandikwa mwisho kabisa, kwa hela iliyobaki baada ya vingine vyote, ama imeandikwa ya kwanza, ile kubwa yenye taa na jina refu, halafu kadi ya grafiki ndiyo inayolala njaa.

Nina meza yangu ya ufundi Chikongola. Nilianza na redio na televisheni, kompyuta zikaja baadaye, na ile tabia ya kutazama umeme kabla ya urembo sikuiacha. Kwa hiyo msomaji unayependa taa za rangi, nivumilie.

Nianze na jambo ambalo wauzaji hawapendi nilitaje: bodi haiongezi fremu, yaani picha kwa sekunde. Chukua prosesa ileile, ram ileile na kadi ileile, vihamishe kutoka kwenye bodi nzuri ya kawaida uvipeleke kwenye bodi ya bei mara tatu. Gemu itakwenda vilevile. Basi ya nini kulipia zaidi? Kwa sababu bodi ndicho kifaa ambacho ukitaka kukibadilisha unaibomoa mashine nzima. Ram unachomoa, kadi unachomoa, diski unachomoa. Bodi ikikushinda, kila kitu kinatoka, na mara nyingi prosesa na ram haziwezi kuhamia kwenye bodi mpya ya aina nyingine.

Kwa hiyo kila sifa iliyoandikwa kwenye boksi mimi naiuliza swali moja: nikiikosa leo, naweza kuiongeza mwakani kwa hela ndogo? Kama naweza, siilipii. Wi-Fi unaiongeza kwa kidude cha USB. Sauti bora unaiongeza kwa kadi ndogo ya USB, na kwa hedifoni za kawaida hata chipu ya sauti ya ALC897, ile ya bodi za bei ya chini, inatosha. Taa za rangi zinauzwa kwa mita. Mlango wa LAN wa gigabiti 2.5 ni mzuri, lakini kama intaneti yako inatoka kwenye ruta ya laini ya simu, hata ule wa gigabiti 1 hutaujaza. Ila mfumo wa umeme wa prosesa huwezi kuuongeza. Soketi, yaani kiti cha prosesa kwenye bodi, huwezi kuibadilisha. Nafasi ya pili ya M.2, ya kuchomeka diski, haichipui yenyewe. Hapo ndipo fahari iwekwe.

Soketi

Kwa mashine mpya ya bei ya kati nashauri AM5 ya AMD. Ilitoka 2022 pamoja na prosesa za Ryzen 7000, na AMD wamesema wataendelea nayo hadi 2027 na kuendelea. Ahadi ya kampuni ni ahadi tu, lakini hawa wana rekodi: AM4 ilianza 2016, na bodi nyingi zilizouzwa 2017, baada ya kusasishwa BIOS (programu ya bodi inayoamsha mashine), zilipokea Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022. Mtu aliyenunua bodi imara wakati ule alibadilisha prosesa tu, akaendelea kucheza. Hiyo ndiyo faida halisi ya bodi nzuri: inakuja kuzaa matunda siku ya prosesa ya pili, siyo siku ya kwanza.

Upande wa Intel, LGA1700 ilitoka 2021, ikapokea vizazi vitatu, wa 12, wa 13 na wa 14, kisha ikafungwa. Prosesa za Core Ultra 200S zilizotoka Oktoba 2024 zimekuja na LGA1851. Sisemi LGA1700 ni mbaya. Ukipata bodi ya B760 (majina kama haya ni ya chipseti, chipu inayosimamia milango na nafasi za bodi) na prosesa ya i5 kwa bei ya kirafiki, chukua ucheze. Ninachokataza ni kununua Z790 ya gharama kwa kutegemea kesho, maana kesho ya soketi hiyo haipo. Na ukichukua prosesa ya kizazi cha 13 au 14, kazi ya kwanza ni kusasisha BIOS. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba volti zilizopanda kupita kiasi zilikuwa zinaharibu baadhi ya prosesa hizo, wakatoa marekebisho Agosti mwaka huohuo.

Halafu kuna zile X99 "mpya" za bei ya chini ajabu zinazouzwa mtandaoni pamoja na Xeon, prosesa za seva. X99 ni teknolojia ya 2014, na bodi hizo kwa kawaida zimejengwa juu ya chipu zilizobanduliwa kwenye bodi za zamani. Zinawaka, zinacheza, lakini njia ya kwenda mbele haipo. Mimi siziungi.

Umeme wa prosesa, na joto letu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo hela nyingi hupotea, kwa pande zote mbili.

Pawa saplai inaipelekea bodi volti 12. Prosesa inataka volti moja na kitu. Kazi ya kuzishusha inafanywa na VRM, vile vijiboksi na chipu ndogo zilizojipanga kuizunguka soketi. Kila kundi linaitwa fezi, na boksi litakutambia: 8+2, 14+2, 16+2, kila moja ampea 50, 60, 80, 90. Kijana akiona 16 anaona ni mara mbili ya 8, anatoa hela.

Tupige hesabu ya haraka. Ryzen 5 7600 imewekewa ukomo wa wati 88. Zigawe kwa volti 1.1, unapata ampea 80. Bodi ya fezi 8 za ampea 50 ina ampea 400 kwenye karatasi. Yaani inaitazama prosesa hiyo huku imekunja mikono. Bodi ya fezi 16 za ampea 90 ina 1,440. Kwa 7600, hizo elfu moja za ziada hazina kazi yoyote. Hata siku utakapopandisha hadi Ryzen 7 7800X3D, ukomo wake ni wati 162, na kwenye gemu mara nyingi inatumia nusu ya hapo au chini. Kwa hiyo fezi 8 hadi 12 zilizotengenezwa vizuri zinakutosha leo na zitakutosha kwa prosesa ya pili.

Ila usiende chini kupita kiasi. Bodi nyingi za A620, na hata B650 chache za bei ya mwisho, zina fezi chache na VRM iliyoachwa uchi, bila bamba la kupozea. VRM ikichemka, bodi inaipunguzia prosesa kasi ili isiungue, na wewe unaona gemu inakwama katikati ya pambano bila kujua sababu. Na hapa kwetu kuna jambo ambalo video za Ulaya hazikuambii: majaribio yao yanafanyika kwenye chumba cha nyuzi 20 na kitu. Chumba cha mabati pale Magomeni, mwezi wa pili mchana, feni ya mezani ndiyo kiyoyozi, kiko juu ya 30. Joto la chumba linajumlishwa juu ya lile la bodi karibu moja kwa moja. Ukiona VRM ilipimwa nyuzi 90 kwenye chumba cha 22, kwako isome kama 100. Kwa hiyo mimi bamba la kupozea nalilipia bila kusita. Liwe chuma kizito chenye mifereji, limefungwa kwa skrubu. Kuna bodi zinavalishwa plastiki kubwa yenye umbo la bamba na kipande kidogo tu cha alumini ndani yake. Ukiishika mkononi unaijua kwa wepesi wake.

Kitufe na taa nne

Kama ningeambiwa nichague sifa moja tu ya bodi za juu niiteremshe kwenye bodi zote, ningechagua kitufe cha kuandika BIOS bila prosesa. ASUS wanakiita BIOS FlashBack, MSI wanakiita Flash BIOS Button, Gigabyte wanasema Q-Flash Plus. Unaweka faili kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, unalipatia jina ambalo kitabu cha bodi kinaelekeza, unachomeka kwenye mlango wa USB uliowekewa alama, pawa saplai imewashwa, unabonyeza, taa inapepesa mpaka ikamilishe.

Kwa mtu wa Dar es Salaam hii ni anasa, kwa sababu atavuka barabara aazime prosesa ya zamani kwa jirani. Kwako wewe wa Newala ni tofauti ya leo jioni na wiki ijayo. Prosesa mpya kwenye bodi iliyokaa dukani mwaka mzima inaweza isiwake kabisa kwa sababu BIOS haiijui. Na umeme ukikatika katikati ya kusasisha, ambao kwetu unajua kukatika, bodi isiyo na kitufe hicho inaweza kugeuka bamba tu la shaba na plastiki. Yenye kitufe unairudia upya. Hata hivyo, BIOS isasishwe kupitia UPS, siyo moja kwa moja ukutani.

Pili ni taa nne ndogo za uchunguzi: CPU, DRAM, VGA, BOOT. Hizi zimeniokolea nauli nyingi. Mazungumzo yangu na mteja wa Nachingwea huwa hivi:

"Shikamoo fundi. Mashine haiwaki."

"Marahaba, mwanangu. Feni zinazunguka?"

"Zinazunguka, ila skrini nyeusi."

"Tazama pembeni mwa bodi, karibu na ram. Taa iliyowaka imeandikwa nini?"

"DRAM."

"Zima, chomoa waya wa ukutani. Zitoe ram zote mbili, uzirudishe kwa nguvu mpaka usikie mlio."

Bila taa hiyo, angepakia kasha kwenye basi.

Majina ya chipseti

Hapa nitapita haraka. Kwenye AM5, A620 hairuhusu kuongeza kasi ya prosesa, na bodi zake nyingi ni za kubana matumizi. B650 ndiyo ya watu wengi. B650E inahakikisha nafasi ya kadi ya grafiki ni PCIe 5.0 (PCIe ndiyo njia ya data kati ya bodi na kadi au diski, na namba kubwa ni kasi zaidi). X670E na X870E zina chipu mbili badala ya moja, zinakupa milango mingi ya USB na nafasi nyingi za diski. X870 lazima iwe na USB4. B850 ni mpya kwa jina kuliko kwa tabia: chipu yake ni ileile ya B650, ila imelazimishwa kuwa na M.2 ya PCIe 5.0.

Kwa kadi ya bei ya kati, PCIe 4.0 inatosha. Angalizo ni kwamba kadi kama RTX 4060 na RTX 5060 zinatumia njia 8 tu badala ya 16, kwa hiyo kuzipachika kwenye bodi ya zamani ya PCIe 3.0 kunaweza kuzipunguzia kitu. Kwenye B650 hilo halikuhusu.

Kwa hiyo "ya kifahari" kwa bajeti hii, kwangu, ni B650 au B850 iliyojengwa vizuri. Siyo X870E iliyopunguzwa bei. Bodi ninazozikubali bila kubishana ni kama MSI MAG B650 Tomahawk, ASUS TUF Gaming B650-Plus na Gigabyte B650 Aorus Elite. Zote tatu zina kitufe nilichokisifia hapo juu.

Diski na ram

Nafasi za M.2 ziwe angalau mbili. Gemu moja kubwa siku hizi inapita GB 100, na kwa bei ya bando hakuna anayetaka kuifuta halafu aipakue tena. Nafasi ya kwanza iwe PCIe 4.0, ambayo inabeba mpaka GB 7 hivi kwa sekunde. PCIe 5.0 ni mara mbili ya hapo, lakini gemu haitakushukuru. Hakikisha nafasi ya kwanza ina bamba lake, maana mara nyingi inakaa kati ya prosesa na kadi ya grafiki, panapofuka joto.

Kabla hujalipa, pakua kitabu cha bodi kutoka tovuti ya mtengenezaji, utafute ukurasa wa M.2. Baadhi ya bodi, ukijaza nafasi ya pili au ya tatu, zinazima milango kadhaa ya SATA (ya diski za waya), au zinapunguza njia za kadi ya grafiki kutoka 16 hadi 8. Boksi halisemi. Kitabu kinasema, kwa herufi ndogo.

Ram za AM5 ni DDR5 peke yake, DDR4 yako ya zamani haiingii. Nunua mbili za GB 16, kasi ya 6000, zenye EXPO, mpangilio wa AMD unaoiruhusu ram ikimbie kasi iliyoandikwa. Usinunue nne. Ryzen 7000 inatambua rasmi kasi ya 5200 kwa ram mbili, lakini zikiwa nne rasmi inashuka hadi 3600. Kwa hiyo bodi yenye nafasi mbili tu za ram isikutie unyonge, na bodi ndogo ya microATX, milimita 244 kwa 244, siyo bodi ya maskini. Mara nyingi ndiyo chaguo la akili, maana kinachopungua ni nafasi za kadi ambazo hungezitumia.

Chumvi, radi na bei

Anayekaa Shangani au Mikindani ajue kwamba upepo wa bahari unakula milango ya nyuma kabla ya kitu kingine. Nimeona USB zenye kutu kwenye bodi ambazo ndani bado zinang'aa. Chagua bodi ambayo bamba la milango ya nyuma limeshikizwa kiwandani, siyo lile bati jembamba la kubana kwa mkono, uzibe milango usiyoitumia kwa vizibo vya mpira, na mashine isikae dirishani. Bei kubwa ya bodi haikukingi na chumvi, wala haikukingi na umeme unaopanda na kushuka. Kazi hiyo ni ya stebilaiza na UPS, na kipindi cha masika chomoa hata waya wa LAN radi zikianza.

Kuhusu hela, kipimo changu ni hiki: bodi isizidi bei ya prosesa. Kwenye mashine ya milioni tatu, kadi ya grafiki ichukue theluthi au zaidi kidogo, bodi ibaki karibu na sehemu moja ya nane. Tofauti ya kutoka B650 nzuri hadi X870E mara nyingi inatosha kukupandisha daraja la kadi, na hilo ndilo utakaloliona kwenye skrini.

Ikifika kutoka Kariakoo

Vifaa vyetu vingi vinapanda basi Dar es Salaam na kuvuka Daraja la Mkapa usiku. Kabla muuzaji hajafunga, mwombe video ya soketi ikiwa wazi. AM5 ina pini 1,718, na ziko kwenye bodi, siyo kwenye prosesa. Moja ikipinda inaweza kuzima upande mmoja wa ram, na hakuna duka litakalokubali kwamba ilipinda kwake. Boksi likifika, rekodi ukiwa unalifungua, washa tochi ya simu, tazama pini kwa pembe ya ulalo. Mistari inyooke kotekote. Linganisha namba ya bodi na ya boksi, dai risiti ya EFD, kile kifuniko cha plastiki cha soketi usikitupe. Bila kifuniko hutarudisha bodi popote. Na kama mashine imeungwa kwangu na inakwenda Masasi, kadi ya grafiki naitoa, inasafiri kwenye boksi lake. Nafasi iliyoimarishwa kwa chuma inasaidia, lakini matuta ni mengi.

Mara ya kwanza kuwasha AM5 skrini itabaki nyeusi kwa dakika kadhaa. Bodi inajifunza ram. Taa ya DRAM itawaka, na wengi hapo ndipo wanapozima kwa hofu, wakaanza upya, wakazima tena. Iache.

Ikishaingia, andika BIOS mpya kabla ya kuwasha EXPO. Mwaka 2023 baadhi ya 7800X3D ziliungua kwa sababu volti ya SoC, sehemu ya prosesa inayosimamia ram, ilipanda mno EXPO ikiwashwa, AMD wakaweka ukomo wa volti 1.3 kupitia BIOS mpya, na bodi iliyokaa stoo tangu wakati huo inaweza kuwa haina marekebisho hayo. Kisha washa EXPO, weka MemTest86, programu ya kupima ram, kwenye flashi, iendeshe usiku kucha. Ikitoa hata kosa moja, shusha ram kutoka 6000 hadi 5600 uijaribu tena usiku wa pili. Makosa yakiendelea, jaribu ram moja moja kwenye nafasi ya pili kutoka kwenye prosesa. Ikifeli moja tu, ram ndiyo mbovu. Zikifeli zote mbili, rudi kwenye pini ukiwa na tochi, kisha mpigie muuzaji kabla siku zake za kubadilisha hazijaisha.